Filamu ya Uonevu Ilipofika Mazingara

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na mahindi ya kuchoma hunirudisha kijijini Mazingara mpaka leo, kwenye kiwanja cha mpira, mwaka niliokuwa darasa la sita. Vijana wa Korogwe walikuja na shuka jeupe, spika mbili na filamu waliyoitengeneza wenyewe kwa kamera ya kuazima. Ilihusu msichana wa sekondari anayeonewa bwenini mpaka anaacha shule. Mavuno yalikuwa yamekwisha, jioni watu hawakuwa na la kufanya, basi wakajaa.

Mimi nilikuwa na langu. Sisi asili yetu ni Wanyamwezi. Babu alikuja Korogwe kukata mkonge, na baba akahamia Mazingara kulima. Wanyamwezi na Wazigua, wenyeji wa pale, ni watani. Kwa hiyo wasichana wenzangu wa darasani waliponiita Manamba, yaani kibarua wa mkonge, wakamwaga uji wangu na kunibebesha ndoo zao za maji, kila mtu mzima alisema ni utani tu. Baba ndiye alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa mtani hodari, yule wa kujilaza ndani ya kaburi msibani na kugoma kutoka mpaka abembelezwe, wafiwa wakicheka huku wanalia. Nilipomlalamikia, aliniambia kukasirikia utani ni kukosa adabu. Sikumlalamikia tena. Niliumia, jamani, na kila asubuhi nilitamani niugue nisiende shule.

Filamu ilipoanza watu walicheka. Hata msichana aliponyolewa nywele kwa nguvu, walicheka. Ilipokwisha, yule kijana mtengenezaji akaomba maoni. Mwenye kibanda cha video akasema picha ina giza na hakuna hata ngumi moja. Mwalimu wetu mmoja akalalamika kwamba inazipaka shule matope. Jirani yetu, Mama Salehe, akasema wametia chumvi, watoto hutaniana tu, na huyo msichana anadeka. Kijana aliwashukuru wote, sauti ikizidi kufifia. Nilimwonea huruma kama ndugu yangu.

Baba hakutoa maoni. Tukarudi nyumbani bila mzaha hata mmoja, jambo geni kwake. Tulipokaribia shamba letu akasimama.

"Mtani anakutania, nawe unamrudishia," alisema. "Yule mtoto wa kwenye filamu mbona hawakumwacha ajibu?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, huwa unawajibu?"

"Sithubutu, baba."

Akakaa chini palepale kwenye majani, mtu mzima na kanzu yake. Jumatatu alinipeleka shule mwenyewe, akakaa ofisini mpaka wazazi wa wale wasichana wakaitwa. Uonevu haukuisha siku hiyo, nisidanganye, ila uji wangu niliunywa.

Siku hizi nafundisha sekondari Handeni mjini, na muhula huu niliwaonyesha wanafunzi filamu ileile. Wanajua kukosoa kuliko sisi: sauti mbovu, mwisho umeharakishwa. Msichana mmoja akasema haiaminiki kabisa, maana sasa kuna walimu wa malezi, mtu angeripoti tu. Wenzake wakamuunga mkono. Nikawaambia kila mmoja afikirie kimoyomoyo ni nani hasa angemwambia. Yule msichana akainama, akawa anatazama mikono yake. Kengele ya mapumziko ilipolia wenzake walitoka mbio, yeye akabaki kwenye dawati. Nikafunga mlango, nikavuta kiti karibu naye nimsikilize.