Vitunda vya Juu ya Viazi

Dobi yule walimwita Mama Pasi, na pasi yake ya mkaa ilikuwa kali hivi kwamba, ukiwauliza wapangaji wenzake, shati likiiona tu lilijinyoosha lenyewe. Nyuma ya bafu la uani alijipatia kiraka cha ardhi, akapanda viazi mviringo. Mwaka huo maua yalipodondoka, juu ya mashina vikaning'inia vitunda vya kijani, nyanya tupu kwa kuvitazama. Mama Pasi alivijua tangu utotoni: sumu. Kinacholiwa kiko chini. Akawaonya watoto wote wa uani, mmoja mmoja, sikio mkononi.

Watu wazima hakuwaambia. Mtu mzima atafuata nini kwenye matuta ya mwenzake?

Jumatatu asubuhi mwenye nyumba akaja na jembe, kavimba kama hamira. Mama yake mzazi, aliyekaa chumba cha kutazama uani, alikuwa ametapika na kuharisha hadi macho yakaingia ndani, baada ya kuvipika vitunda hivyo kwenye mchuzi. Akatangaza mbele ya wapangaji kwamba viazi vinang'olewa sasa hivi, na mwenye viazi akileta maneno, afungashe na yeye.

Chini ya udongo viazi vilikuwa bado kama gololi. Kuving'oa leo ni kutupa jasho la msimu mzima, na kiraka ndiyo kwaheri. Mama Pasi akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakitua katikati ya matuta na kukaa, kama mtu anayesubiri chai.

"Anza na mimi, baba," akasema. "Mimi ndiye mwenye mizizi mirefu hapa."

"Mama yangu nusura afe."

"Pole yake, naitoa kwa moyo mweupe. Sasa kamuulize, hizo nyanya nilimpa mimi?"

Mtu mmoja akachekea ndani ya ndoo. Dirishani akachungulia mgonjwa mwenyewe, kajifunika blanketi hadi kidevuni.

"Rudisha jembe, mwanangu," akasema. "Unaniongezea aibu."

Mama Pasi hakuinuka mpaka aliposikia jembe likitupwa stoo. Ndipo akavichuma vitunda vyote na kuvitumbukiza chooni, akisema kwa sauti ya kufika dirishani kwamba anavitoa kwa ajili ya watoto, asije mtu akadhani ameogopa jembe.

Siku ya kuvuna, wanasema, kiazi kimoja kiligoma kupita mlangoni. Mama wa mwenye nyumba akapelekewa beseni zima, na ujumbe juu yake: safari nyingine abishe hodi.