Mlango Niliobisha Mara Moja

Mwanangu, kuna Jumatatu moja ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana tu, nimetoka kwetu Sigor kutafuta kazi. Baraza la mji mmoja katika nchi hii ya majani chai lilinipa kazi ya kuandikisha watu wa mtaa wa mabanda. Mabanda yangebomolewa, na kila aliyeandikwa angepewa chumba kwenye nyumba mpya za mawe. Asiyeandikwa, shauri yake.

Unajua mvua yetu ya alasiri. Jumatatu hiyo wingu lilikuwa limeshuka nilipofika banda la mwisho. Nikabisha mara moja. Kimya. Nikaandika "hakuna mtu", nikakimbia nisilowe.

Wiki mbili baadaye trekta likaja. Watu walikuwa wameshatoa vitanda na masufuria, mtaa mzima vumbi na kelele. Askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji, wakafika banda lile la mwisho, wakaanza kung'oa mabati. Mara Mama Chebet, mchuma chai ambaye hakupewa taarifa kwa kuwa hakuwa kwenye orodha, akaja mbio kutoka shambani, kikapu bado mgongoni, akasimama mlangoni.

"Mama yangu yuko ndani! Hawezi kutembea!"

Msimamizi wao akanigeukia. "Karani, hapa kuna watu?"

Orodha ilikuwa mkononi mwangu. Nikisema kweli, kazi yangu imekwisha. Nikanyamaza. Ndiyo, mwanangu, nilinyamaza. Bati la pili likaanguka, trekta likasogea. Kisha nikasikia mtu akikohoa ndani.

"Simamisheni!" nikapiga kelele. "Wapo! Ni mimi sikuwaandika!"

Tulimtoa yule bibi, Gogo kama walivyomwita, akiwa amebebwa ndani ya blanketi, nywele zimejaa masizi. Banda liliangushwa hata hivyo. Mimi nikafutwa kazi papo hapo.

Mama Chebet hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulibisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mama anasikia vizuri. Lakini kutoka kitandani hadi mlangoni anatambaa. Siku ile alifika, akakuta umeenda."

Niliwachukua wote watatu, Gogo, Mama Chebet na bintiye mdogo Chebet, tukabanana kwenye chumba changu cha kupanga. Kila wiki nilienda kusimama ofisini kwa baraza nikiwadaia chumba chao. Kilipatikana baada ya miezi mitano. Gogo alikuwa ameshafariki mwezi uliotangulia, kwenye kitanda changu.

Nakwambia haya kwa sababu kesho unaanza kazi ya kuandika majina ya watu. Usiandike jambo ambalo hujalihakikisha. Bisha, ngoja, bisha tena, na ukikosa mtu, rudi kesho yake. Na ukikosea, sema mapema, hata kama mkubwa wako amekutolea macho. Mimi nilichelewa kidogo tu, na mama mzee karibu afukiwe.

Mungu akupe subira na akufungue kinywa wakati wa kusema kweli. Watu utakaowaandika wakae salama, nawe ulale na moyo mtulivu.