Mlango wa uchochoroni kwenye ramani ya ghorofa langu

Admin nifiche jina, Karatu hapa tunajuana hadi kwa mlio wa gari. Nina miaka 43, dereva wa watalii. Shule niliishia la saba ila nasalimia kwa lugha sita. Bahati nimezaliwa nayo: nina mke mrembo wa Kimasai kutoka Arash, kule Loliondo, na saa hii naandika namsikia jikoni akiimba, ananichemshia chai.

Nikaamua kupandisha ghorofa kwenye kiwanja chetu mtaa wa zamani, katikati ya nyumba za udongo na veranda za mbao. Jembamba, tofali za kuchoma bila plasta, mtindo nilioonyeshwa na mgeni wangu Mjerumani kwenye simu. Nikampa kazi mchoraji mmoja, mtanashati huyo ananukia hadi barabarani. Kila nikirudi safari nakuta ramani imebadilika. Mara ngazi imehamia nje. Mara chumba cha chini kimepata mlango wake wa uchochoroni. Nikimuuliza anakuna kichwa, eti ndivyo wanavyojenga siku hizi.

Jamani, mlango wa uchochoroni, na mimi nusu ya mwezi nalala Ngorongoro na wageni! Ungekuwa wewe ungewaza nini? Halafu jirani yangu muuza vitambaa akanipenyezea, "Kaka, shemeji anapenda ujenzi. Ukisafiri tu, yuko kwa mchoraji."

Nikawafuma mchana ofisini kwa mchoraji, wameinamia ramani vichwa vinakaribia kugusana. Nikamwaga matusi hadi wapita njia wakasimama, nikauliza mlango ule ni wa bwana gani. Mchoraji akainama kukunja ramani. Mke wangu akanijibu taratibu:

"Ni wa mama yangu. Macho yanamwishia, nataka nimlete. Kwetu mkwe hapishani mlangoni na mama wa mkewe. Ningekuambia, ungemfanya kichekesho kijiweni."

Na kweli, ningemfanya.

Kesho yake akapanda gari la Loliondo, akaenda kwa mamaye. Simu hapokei. Lakini shetani bado ananinong'oneza: kama mlango ni wa mama, mbona yule mchoraji hakunitazama usoni?

Nikimfuata Arash, naingia boma la mama mkwe nisiyetakiwa hata kuonana naye. Nikituma wazee, wataulizwa nilimwita mke wangu jina gani mbele ya watu. Mliooa Umasaini, nishaurini, niende mwenyewe au nitume?

Na ile ya kumsikia jikoni nimewadanganya. Jikoni hakuna mtu.