Bernadina na Maji ya Nyumbani kwa Bujiku

Alizaliwa Songwa, Kishapu, tarehe 4 Desemba 1979, binti wa tatu wa katekista Amosi Maige, akabatizwa Bernadina. Mapema alionekana ameitwa: akiwa na miaka tisa aliwafundisha wadogo zake kuhesabu kwa punje za mtama, na aliyepatia alipewa punje zile atafune. Alisomea ualimu, hakuolewa, na mwaka 2009 akapangiwa sekondari ya kata jirani na Kharumwa.

Hapo jaribu lake lilikuwa likimngoja. Madarasa yalikuwepo, wanafunzi hawakuwepo. Wavulana walikimbilia mashimo ya dhahabu, na wasichana walifeli darasa la saba, hata wale waliojulikana kuwa na akili. Wakubwa walilaumu walimu, walimu wakalaumu njaa. Mwaka 2014, kwenye mafundisho ya kipaimara aliyoyatoa Bernadina, Noela, aliyeongoza darasa lake tangu la tatu, alilia akasema kweli: "Mwalimu, baba kasema kwenye mtihani nijaze majibu ya uongo. Nikifaulu, nisirudi kwake." Ndivyo tulivyokuwa, na tusione haya kukiri. Mtoto akifeli, nani atamuuliza mzazi kwa nini amemwoza?

Bernadina hakwenda kwa mtendaji. Alikwenda kwa Bujiku mwenyewe, baba wa mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Noela akienda sekondari, maji atachota nani hapa?"

"Nitachota mimi."

Bujiku alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake saa kumi, vipindi vilipokwisha, mwalimu akafika na ndoo. Alichota lamboni, akapanda kilima, akajaza pipa la mama Noela, akaaga. Akaendelea hivyo wiki saba. Shingo ilimuuma, walimu wenzake walimcheka, nami, paroko wake, naungama kwamba nilimwambia anajidhalilisha. Alinijibu, "Padri, hii nayo ni kazi ya shule."

Kwa Msukuma mgeni hatumwi. Hukalishwa akapewa chakula. Majirani wakaanza kumsalimu Bujiku kwa mbali. Siku moja kabla ya mtihani, Bernadina alimkuta lamboni na mkokoteni wa ng'ombe, madumu yamejaa. "Basi, mwalimu, inatosha," alisema bila kumtazama. "Ng'ombe watabeba. Kamwambie mtoto aandike anachokijua."

Noela akaandika, akafaulu. Januari iliyofuata wasichana wanne tu waliripoti kidato cha kwanza. Miaka mitatu baadaye madawati hayakutosha, na matokeo yakapanda.

Moyo wa Bernadina ulisimama tarehe 11 Machi 2021. Wako wanaosema lambo lile halijakauka tangu alipochota. Mimi nimeliona limekauka mara mbili. Nililoliona kweli ni hili: siku ya mazishi yake, maji ya msibani, kazi ya wanawake tangu enzi za mababu, yaliletwa na wanaume kumi na mmoja, ndoo kichwani, Bujiku akiwa mbele. Mkokoteni aliuacha nyumbani. Nililia, wala sikujificha.

Noela sasa anafundisha hisabati katika shule ile ile. Kanisa halijamtangaza Bernadina kuwa mtakatifu, nami silitangulii. Ila wewe mzazi unayesoma haya, na binti yako yuko darasa la saba: leo, nyumbani kwako, maji amechota nani?