Waya wa Ijumaa

Nilikuwa nimepeleka simu kwa fundi wa Bwera alipoingia mzee wa Munkunyu na mkewe. Mzee akaweka redio kubwa ya sebuleni, ile ya intaneti, mezani kama mtu anayeleta mshtakiwa.

"Intaneti yake natoa kwa jirani, na waya," akasema. "Kila Ijumaa inanyamaza. Jirani iko Mwislamu. Akienda msikitini ananizimia mpaka jioni, nisisikie kwaya ya kufungua Sabato. Sasa hatusalimiani."

Fundi akaichomeka kwenye waya wake. Kwaya ikaimba.

"Redio iko muzima. Waya yako inapita wapi?"

"Juu ya kiwanja."

"Na Ijumaa munafanyaga nini?"

"Kufua. Sabato hatufui."

Mkewe akatazama kucha zake. "Ile kamba ya bluu ya juu ya kiwanja," akasema taratibu, "mablanketi naanikaga pale. Inabeba vizuri."

"Yakiwa na maji yanaivuta, inaachia kwa redio; yakikauka inashika tena," fundi akasema.

Wengi wetu redio ikinyamaza tunakagua dini ya jirani kwanza, waya baadaye. Mzee akaanza kuifunga redio kwenye kitenge, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika kwake.

"Waya mupya niko nayo," fundi akamwambia. "Salamu ya jirani, hiyo hapa hatuuzi."