Vyoo Chini ya Mnara

Ofisini walimwita Kifutio, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya mipango ya mkoa, na kazi yake, ukimuuliza mwenyewe, haikuwa kuchora bali kufuta. Wakubwa walipitisha barabara juu ya makaburi, wakaweka soko katikati ya mto, kisha wakaenda kunywa chai. Yeye akafuta. Hakuna aliyewahi kumshukuru, maana hakuna aliyewahi kugundua.

Mwaka ule kikaja kichaa kipya: bustani ya mapumziko ya mkoa mzima, kando ya ziwa. Kamati ikaundwa, na kila mjumbe akaja na lake. Mmoja alitaka uwanja wa tenisi, mtu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua. Mhandisi alitaka maegesho ya magari mia mbili, kwa sababu alipenda lami kuliko wanawe. Siku ya kukagua eneo walikuta matope, wakalitazama ziwa kupitia vioo vya gari kwa dakika tano, wakarudi hoi bin taaban.

Mkuu wa idara yeye alitaka mnara wa kutazamia. Aliuweka mwenyewe kwa kalamu nyekundu, juu ya kilima cha mawe, akaamuru matete yote ya chini yafyekwe ili watu waone vizuri.

Kifutio alipoiona ile alama nyekundu, alichukua rula akapima mara mbili kutoka kilimani hadi kwenye matete.

Nyuma ya matete yale palikuwa na kijighuba ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikiruka kila anapochora. Wanawake wa mji waliogelea pale tangu enzi za bibi zao. Wanaume hawakupajua, na si kwamba pamefichwa sana. Hawakuwahi tu kuuliza wake zao wanakwenda wapi Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi Kifutio alimpeleka mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha. Nchi kavu mama alijikokota na mkongojo, akiwasema madaktari hatua kwa hatua. Maji yakimfika kifuani, alitembea wima, bila mkongojo na bila matusi. Nusu saa kwa wiki, basi. Na Kifutio alijua kwamba chini ya mnara uliojaa wanaume wenye darubini, mama yake asingevua hata viatu.

Aseme? Akisema, kamati itajua, na kamati ikijua mahali haipaachi. Akajaribu ujanja mdogo. Alisema udongo pale ni laini. Mhandisi akamjibu ni mwamba mtupu. Alisema matete yana nyoka. Mkuu akafurahi kupata sababu ya pili ya kuyafyeka. Akarudi mezani kwake amekunja uso, akaikodolea ramani macho: tenisi, mashua, jukwaa la mgeni rasmi, maegesho, mnara. Mara akacheka peke yake. Walikuwa wamesahau choo.

Wala haikuwa ajabu. Tangu aanze kazi hakuna kamati iliyowahi kukumbuka choo. Watu wa kwenye michoro hawaendi haja.

Akachora vyoo vya wanawake, milango kumi, chini kabisa ya kile kilima, na shimo la maji taka akaliweka upande unaotoka upepo. Kikaoni mkuu akainama juu ya ramani.

“Hiki nini?”

“Vyoo, mkuu. Mteremko unaruhusu hapo tu.”

“Chini ya mnara wangu?”

“Mgeni rasmi atakuwa juu kabisa, mkuu. Harufu nayo hupanda, lakini akikata utepe haraka haraka hakutakuwa na shida.”

Mkuu alikunja pua. Akaichukua kalamu yake nyekundu na, kwa mkono wake mwenyewe, akauhamishia mnara upande wa pili, kwenye maegesho. Akaagiza matete yasiguswe, tena yaongezwe, yasitiri vyoo. Mhandisi akamsifu kwa kuona mbali. Kifutio akaifuta alama ya zamani taratibu, kisha kabla ramani haijaenda kuchapwa akaongeza kitu kimoja: chuma cha kushikia, kutoka mlango wa mwisho wa choo mpaka majini. Hakuna aliyeuliza.

Bustani ikafunguliwa. Kutoka juu ya mnara unaona magari mia mbili, vizuri sana.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka mama yake. Wanawake walikuwa tayari majini, mke wa mkuu akiwa katikati yao, wote wakilalamikia vile vyoo. Mama akasimama, akaegemea mkongojo, akalitazama lile jengo.

“Nani huyo kichwa maji aliyetuletea choo hapa?”

Kifutio akasema hajui, watu wa ofisini tu.

“Na wewe umekaa ofisi hiyo hiyo maisha yako yote, hukuweza kuwazuia?”

Hilo lilimuuma. Lakini mke wa mkuu alikuwa anasikiliza, kwa hiyo akalimeza.

Mama akamkabidhi mkongojo kwa hasira, akakishika kile chuma, akaanza kushuka peke yake. Maji yakamfika magotini, kiunoni. Hapo akasimama, akaurudisha mkono nyuma kwenye chuma, akakipapasa.

“Kimekaa sawasawa na mkono wangu,” alisema. “Utadhani mtu alinipima.”

Akageuka, akamtazama Kifutio, binti yake.

“Vua viatu uje,” akasema. “Maji ni mazuri leo.”