Jina Langu Kabla ya la Deo

Nakumbuka siku niliyoingia Muleba, mwanangu, miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi siku tatu kutoka Songea. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naelekea Bukoba mjini kutafuta kazi yoyote. Kutoka Biharamulo nilikaa kiti kimoja na mama mmoja wa umri wa bibi yangu, mjane, jina lake Ma Verdiana.

"Unakwenda kwa nani Bukoba?" aliniuliza.

"Siendi kwa mtu, Ma. Natafuta kazi."

"Basi shuka na mimi. Kazi iko nyumbani, imelala chini inaningoja."

Nikashuka. Ndivyo nilivyokuwa ujanani, na hata sasa sijapona sana.

Kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, kilikuwa kimechoka. Migomba ilikuwa myembamba, udongo mtupu. Kila siku nilipanda kwenda rweya, kule kwenye nyanda za nyasi nje ya kijiji, nikakata nyasi na kuzibeba kichwani, nikazitandaza chini ya migomba. Majirani walinicheka: "We mtu wa mahindi, migomba utaiweza?" Niliiweza. Mwaka haukuisha, mikungu ikawa mizito mpaka tunaiwekea miti ya kuiegemeza. Nilijivuna, sikufichi.

Ikafika Krismasi. Wenyeji wa kule, Wahaya, hata walioko mbali hurudi nyumbani, na mtoto wa Ma Verdiana, Deo, alikuja na gari kutoka Dar es Salaam. Baada ya ibada katekista akasimama mbele ya waumini wa kigango kizima.

"Tumpongeze Deo kwa kumtunzia mama yake kibanja. Vijana wengine waige!"

Makofi yakapigwa. Deo akainuka, akapunga mkono. Ma Verdiana aliinamisha kichwa, akanyamaza. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, utosi bado unauma kwa mizigo ya nyasi.

Hapo ndipo nilipokosea. Deo alipoondoka, nilisema mgongo unaniuma, nikalala. Wiki tatu sikushika jembe. Nilitaka magugu yaote, watu wapite waone kazi ilikuwa ya nani. Hakuna aliyeuliza. Mgomba mmoja ulianguka na mkungu wake mchanga, nikautazama tu nikiwa mlangoni.

Asubuhi moja nilimkuta Ma Verdiana amepiga magoti kwenye umande, anang'oa magugu kwa mikono.

"Ma, utaumia magoti!"

"Yameshaumia zamani. Mgongo wako umepona?"

Alijua. Akang'oa gugu jingine.

"Yosefu, ulikuwa unamlimia nani?"

"Wewe, Ma."

"Ungekuwa unanilimia mimi, hata leo ningekuwa nashiba matoke. Ulikuwa unalimia makofi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Siku ile nilinyamaza ili nisimwaibishe mwanangu. Nilikukosea, unisamehe. Lakini kila alfajiri, wewe ukiwa unakoroma, nakutaja kwa Mungu. Kwanza jina lako, kisha la Deo. Au unadhani Yeye naye anangoja katekista amwambie nani alibeba nyasi?"

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikapiga magoti karibu naye, tukang'oa magugu mpaka jua likawa kali.

Kesho yake niliamka mapema nikasali naye. Alipolitaja jina langu mbele ya Mungu, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima, kifua changu kilijaa. Mizigo ya nyasi haikupungua uzito tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeacha kuibeba peke yangu.

Nilikaa mpaka kahawa ikavunwa na kuanikwa, kisha miguu ikaanza kunisumbua ikitaka safari, kama kawaida yake. Siku ya kuondoka, Ma Verdiana alinisindikiza barabarani, akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama Wahaya wanavyompa mgeni wao, akaniwekea mkono kichwani. Basi lilipopita kando ya kibanja, abiria mmoja alinyoosha kidole dirishani.

"Ona migomba ile! Kwao Deo, yule wa Dar. Kijana anajua kutunza kwao."

"Kweli," nikamwambia, "kibanja kimetunzwa." Nikatafuna kahawa yangu nikitabasamu. Sikuwahi kurudi, na hakuna siku niliyosafiri nikiwa na fahari kama ile.

Mwanangu, ukichoka na usishukuriwe, usiiharibu kazi yako ili watu wakuone. Mpelekee Bwana uchovu huo, maana aliwaita waliolemewa waje kwake, wala hakuwauliza nani anawafahamu. Na ukisali, mtaje pia yule anayefanya kazi bila kutajwa na mtu. Mungu aibariki mikono yako, akupe usingizi mtamu baada ya jasho, na jina lako lisikose mtu wa kulitaja mbele zake. Amina.